Kiondo cha Orofa ya Tatu

Benchi letu liko chini ya Plaza ya Vioo, barabara ya kwenda Mumbuni, na birika la kahawa ni la Othman. Plaza ilipofunguliwa ilijaa hadi kwenye ngazi: bima, mawakili, chuo cha kompyuta. Lifti ikaharibika, na watu wa juu wakaanza kuteremsha viondo kwa kamba dirishani. Kikombe ndani, Othman anajaza, wanavuta polepole. Ukuta mzima ulikuwa viondo vikipanda na kushuka. Kisha wapangaji wakahama, mmoja mmoja. Kimebaki kiondo kimoja, orofa ya tatu, kimening'inia dirishani, na leo hakijashuka. Wala jana. Sipendi kukitazama, lakini benchi linaelekea huko.

— Mwenye kiondo amehama, — akasema Kimanzi, tunayemwita Meneja ingawa hajawahi kuwa na hata dawati. — Wakili hawezi kaa mahali hakuna lifti.

— Wakili gani? — Ndambuki akamkata. Huyu tunamwita Plani. Alibeba mawe plaza ikijengwa, sasa anajiona ndiye aliyeichora. — Huyo ni wa bima. Aliachwa kuchunga makabati.

— Makabati yalienda na lori, nikiona.

— Basi ni mwenye plaza! Amejificha wake zake wasimpate.

— Si alizikwa Kangundo?

— Ulimwona kwa jeneza?

— Wacha bana, Plani! Sasa marehemu anakunywa kahawa?

— Tena ya tangawizi nyingi, — Othman akasema. — Nimemwekea kikombe tangu asubuhi. Imepoa.

Tukacheka. Tulicheka kupita kiasi, kwa sababu kicheko kikiisha inabaki ile plaza tupu, na upweke wake unatushukia hapa chini.

Ndipo akafika Nuha, binti wa Athi River aliyekuja kutafuta chumba cha kushonea nguo. Alikuta mlango wa plaza wazi na hakuna wa kumuuliza. Akafuata macho yetu hadi kwenye kiondo.

— Hamjambo, wazee. Kuna mtu huko juu?

— Yuko! — tukajibu wote.

— Anaitwa nani?

Meneja akamtazama Plani. Plani akatazama viatu vyake. Mimi nikanywa kahawa ambayo ilishaisha kikombeni.

— Mwaitu, mama yangu, — Othman akasema, — huyo nimempa kahawa tangu lifti iharibike...

Akainuka, akasimama chini ya dirisha, akafungua mdomo aite. Akakosa la kuita.

— Kahawa! — akapaza sauti. — Kahawa!

Kamba haikutikisika.

Othman akachukua kile kikombe kilichopoa, akaingia mlangoni. Tukamfuata, hata Nuha. Miaka yote ile hatukuwahi kupanda ngazi zile. Orofa ya kwanza ni tupu, milango wazi. Ya pili ni tupu. Na sisi watu wazima tunapanda tukiita, «Kahawa! Kahawa!», kwa sababu hatukuwa na jina lingine la kumwita.