Nilivyotolewa Nyuma ya Pazia

Asalaam aleikum, ndugu zangu! Alhamdulillahi! Semeni tena, alhamdulillahi! Mimi ni Somoe, mzaliwa wa delta, niliyeolewa Chumbi. Wengine wenu hapa Kibiti mnanijua kwa jina la "yule wa jini". Leo nataka mjue lilikuwa jini gani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Magari ya barafu yalishuka kutoka Dar kununua kamba, na kila mwanamume mwenye wavu akakimbilia delta. Mume wangu naye akaenda, ikawa miezi simwoni. Nikajifungua mtoto wa kiume, Athumani. Hakufika arobaini. Homa ilimchukua alfajiri nimempakata, maziwa yananitoka na hakuna wa kunyonya.

Ndugu zangu, sikulia. Afadhali ningelia! Niliingia ndani nikalala. Chakula sikitaki, maji nasahau kunywa, nywele zikafungamana. Nikisikia adhana najifunika uso. Binti yangu Zuhura alikuwa akija kunishika mguu, nami nauondoa mguu. Mtoto akazoea. Akaanza kumwita bibi yake mama, nami nasikia, na sioni uchungu wowote. Mtu akipotelewa na uchungu wa mwana, amebakiwa na nini?

Mama mkwe hakuwa mbaya. Alinitafutia mganga, na mganga akasema nimeingiwa na jini la mto. Nichezewe ngoma, na mpaka siku ya ngoma jua lisinione. Ngoma inataka mbuzi, mbuzi anamngoja mume, mume yuko kwenye kamba. Basi nikawekwa nyuma ya pazia kama mwali, dirisha likazibwa kwa gunia. Mwali hutoka, akachezwa, akavishwa kanga mpya. Mimi nilioza mle ndani. Nilimwomba Mungu anichukue, na nilishaanza kufikiri nimfuate mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Naogopa kulisema hili, lakini nalisema, maana huenda humu yupo anayelifikiri sasa hivi.

Mpunga ukaiva, ndege wakashuka. Mama mkwe anaumwa miguu, na wifi yangu Mwajuma, dada wa mume wangu, ana mashamba mawili ya kulinda peke yake. Akaja akalivuta lile pazia.

"Wifi, amka! Ndege wanatumaliza."

"Mwajuma, jua litamwona!" mama mkwe akapiga kelele.

"Na limwone! Tukikosa mpunga, tutapika jini?"

Akanipandisha kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kuamia ndege, naye akaenda kwenye dungu lake ng'ambo ya tope. Mnaijua desturi yetu: wa dungu hili humwita wa dungu lile, na lazima aitikie, ijulikane kwamba nguruwe au nyoka hajamdhuru. Akaita, "Somoe wee!" Nikanyamaza. Akashuka, akavuka tope la magoti, akapanda kunitazama. Hakunigombeza. Akarudi, kumbe ndege wamekwisha kulishukia shamba lake. Akaita tena. Nikanyamaza. Akaja tena! Kutwa nzima, ndugu zangu, alivuka lile tope na mpunga wake unaliwa. Jioni namwona anateremka tena, anachechemea, kachomwa na kisiki. Nikamwonea huruma. Tangu Athumani afe sikuwa nimemwonea mtu huruma, hata nafsi yangu! Nikaita, "Heee!" Sauti haikuwa ya mtu. Mwajuma akaketi palepale kwenye matope akalia.

Msidhani niliinuka mzima. La! Nilikaa kwenye dungu lile msimu wote. Jua likaniona, likanichoma vizuri. Nilipigia ndege kelele mpaka koo likauma, nikala uji na samaki wa kuchoma, jioni nikachoka uchovu wa kazi, usingizi ukaja wenyewe. Baadaye Mwajuma akanipeleka zahanati. Nesi akasema huu ni ugonjwa, unaitwa sonona. Akanipa dawa na kuniambia na shamba nisiache. Sikuacha dawa, sikuacha jembe, na sala nikairudia.

Athumani hakurudi. Zuhura mpaka leo humwita bibi yake mama. Mimi ananiita Somoe. Zipo asubuhi giza lile linanijia tena, nalia mpaka jua linapanda. Lakini nikiitwa naitika, kwa uwezo wake Yeye aliyenitumia mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo wa huruma. Siku ile asingekuja, leo msingeniona hapa.

Basi mtegemeeni Mola, ndugu zangu, na msiwafiche wagonjwa wenu. Wewe uliyejifunika huko nyuma, itika, hata kwa kukohoa. Nanyi mlio na ndugu aliyenyamaza ndani, msiseme ana jini, msiseme ana kiburi. Mwiteni. Asipoitika, vukeni tope mkamtazame, na mpunga uliwe.