Mwalimu Aliyeandikwa Mwanafunzi

Alhamisi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alhamisi, saa nne, mke wangu alisimama kwenye korido ya zahanati akiisikiliza friji ya dawa.

Ndiyo, leo ninayemkumbuka ni mke wangu. Nimezoea kuwasimulia habari za marehemu wa watu wengine. Mimi mtangazaji wenu niliishia darasa la tano, mnalijua hilo, mnanitania nalo. Leo nivumilieni.

Mke wangu alikuwa fundi wa mafriji. Wanafunzi walimwita Bi Kompresa, kwa jina la ile mota ya friji. Alifundisha chuo cha ufundi miaka kumi na tisa. Narudia, kumi na tisa. Ufundi aliupata kwa baba yake, kwenye chumba cha barafu pale bandarini. Cheti hakuwa nacho. Mdogo wake ananiambia, "Shemeji, yule ana miaka tisa tu, analaza sikio kwenye friji ya mama, anasema inakoroma vibaya. Tukamcheka. Kesho yake friji imekufa."

Halafu wakubwa wa ofisi ya mafunzo wakatuletea utaratibu. Asiye na cheti asifundishe, wala asiguse mashine ya serikali. Lakini fundi mwingine hawakuwa naye. Basi wakafanya jambo ambalo sijui kama linafanyika kwingine. Wakamwandikisha kama mwanafunzi. Mwanafunzi wa darasa lake mwenyewe. Penye nafasi ya mwalimu wakaweka jina la bwana mmoja wa ng'ambo, ambaye hata siku moja hakushuka kwenye meli hapa kisiwani. Mwanafunzi namba kumi na mbili akawa anawafundisha wale kumi na mmoja.

Nyumbani nilimtania, "Mwanafunzi, kazi ya nyumbani umefanya?"

"Nimefanya, mume wangu. Yako wewe ni vyombo, viko kwenye beseni."

Tulicheka. Najuta tulivyocheka.

Sasa Alhamisi ile. Mke wangu alikuwa na kisukari, akichoma insulini. Alikwenda kupimwa tu. Dawa hutolewa kila Ijumaa, na yake ya nyumbani ilikuwa inaishia siku hiyo. Akasikia friji haipumziki. Akamwambia mkuu wa zahanati, "Mwanangu, hii haijikati, haizimi hata ikishapoa. Itagandisha dawa. Nipe bisibisi na dakika ishirini." Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

Kijana akasema, "Mama, nakuheshimu. Lakini kwenye orodha wewe ni mwanafunzi. Nikikuruhusu, kazi sina."

"Basi ichomoe."

Akapiga simu makao makuu. Wakamjibu kwamba mashine haichomolewi, wala dawa haihamishwi, bila ripoti ya fundi mwenye cheti. Asubiri.

Ijumaa asubuhi dawa yote ilikuwa barafu. Meli ya dawa ilikuwa ije baada ya siku kumi. Wakaiyeyusha, wakampa hiyo hiyo, wakisema huenda ina nguvu kidogo. Aliichoma huku akiniambia, "Haina kitu hii. Lakini nitachoma nini?" Jumatano akafariki.

Pole, mama mkwe, umemzika kifungua mimba wako. Pole, shemeji. Poleni, wanafunzi kumi na mmoja, mliobeba jeneza mmevaa ovaroli zenu za kazi. Wewe kijana wa zahanati, sina neno nawe. Neno langu ni kwa waliokuwa upande wa pili wa simu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlio na watoto wanaotafuta ufundi, kaeni mtafakari hili. Baada ya maziko nilikwenda ofisi ya mafunzo. Nikamwuliza mkubwa wao: Alhamisi ile, kwenye kisiwa hiki kizima, ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa friji ile? Akafungua daftari la mafundi wenye vyeti. Akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, bila kukisimamisha kwenye jina lolote. Akalifunga. Akasema nitajibiwa kwa barua.

Ni miezi mitano sasa, barua sijaiona. Basi namwuliza tena, hewani, ninyi nyote mkisikia: ni nani?