Kiguu na Njia Aliyegeuka Kurudi

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi wachezaji wenza wa marehemu mliofika na vumbi la safari bado liko viatuni, familia inawaomba mkae kwa utulivu, tusome maisha ya mtu ambaye mwenyewe hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Kiguu na Njia, alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Juni 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba wa baba fundi mitambo na mama mshona nguo, na mama yake alikuwa akisema kwamba alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo mlango wa nyumba ile haukufungwa bila kwanza kuhesabu vichwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1981, ng'ambo ya reli, lakini hesabu alifundishwa nyumbani na dada yake mkubwa, kwa visoda vya chupa vilivyopangwa mezani, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na haraka kuliko macho yake, alihesabu moja, mbili, nne, saba, akanyanyuka kwenda kucheza, na dada yake, bila kiboko wala kelele, alimshika bega akamrudisha kitini akimwambia, "Umeruka, baba. Anza moja." Mtoto alilia, akaanza moja, akaruka tena, akarudishwa tena, na visoda ishirini vilichukua wiki nzima. Alimaliza kidato cha nne Novemba 1991, kwa alama ambazo familia inaomba zisisomwe hapa.

Januari 1992 aliajiriwa kukata majani katika kiwanja cha gofu upande wa pili wa mji, na huko, baada ya mashine kuzimwa, alianza kujifunza kwa fimbo ya kuazima, hadi tarehe 3 Machi 1998 alipopata leseni ya mchezaji wa kulipwa, na kwa misimu ishirini na mitano iliyofuata akaishi ndani ya begi, leo kiwanja hiki, wiki ijayo kile, akijua mabafu ya nyumba za wageni kuliko bafu la kwake. Wenzake watakumbuka kwamba hakuwahi kusubiri mpira utue, alipiga na kuanza kutembea ungali hewani, na kedi wake, yaani mbeba fimbo wake, aliyemzidi umri kwa miaka sita na ambaye tunamfahamu kwa jina la Mzee wa Mfuko, alikuwa akihema nyuma yake, "Mdogo wangu, mpira haukimbii, umeshapigwa!" naye akajibu bila kugeuka, "Unakimbia, kaka. Wewe ndiye hukimbii."

Mzee wa Mfuko alikuwa na desturi moja, kwamba kila baada ya mchezo, safarini, aliusimulia mzunguko mzima, shimo la kwanza hadi la kumi na nane, mkwaju kwa mkwaju, kama bibi anayesimulia hadithi, na marehemu kwa kawaida alikuwa hasikilizi, alikuwa akitazama dirishani akiuliza basi limekwama wapi.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 5 Agosti 2000, na mtengeneza miwani, siku ambayo alifika saa mbili kabla ya wakati, akaona hakuna mtu, akatoka kunyoosha miguu, akarudi amechelewa dakika ishirini, kiatu kimoja kina tope, na bibi harusi akamwambia mbele ya watu wote, "Leo nimekusubiri. Kuanzia kesho nakufunga kamba." Kamba hiyo haikupatikana. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 11 Aprili 2002, na mwana aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 2007, Jumapili ya siku ya mwisho ya mashindano, baba yake akiwa mbali mwendo wa siku nzima, na sauti ya kwanza ya mwanawe aliisikia kwenye simu, akizungukazunguka kwenye maegesho ya magari.

Msimu wa mwaka 2022 ndio uliomgeuza, na familia imeona vyema usimuliwe taratibu. Msimu ule ulikuwa na mashindano kumi na manne, kuanzia Februari hadi Novemba, na sheria ni kwamba wachezaji hamsini wa kwanza katika orodha ndio wanaobaki na nafasi zao mwaka unaofuata, naye alikuwa ameshamwahidi mkewe kwamba akitoka nje ya hamsini atatundika fimbo na kukaa nyumbani. Hivyo mwaka mzima mama watoto hakujua aombe nini, akimwombea ushindi anamwombea safari, akimwombea nyumba anamwombea kushindwa, na marehemu kila mwezi alizidi kukonda kwa wasiwasi, akishindwa kulala, akifungua orodha kwenye simu hata akiwa anapiga mswaki.

Alifika mashindano ya mwisho akiwa wa hamsini na nane. Alihitaji kumaliza miongoni mwa wanane bora, na siku ya Jumapili, tarehe 27 Novemba 2022, alicheza kama kijana, akamaliza mapema wengine wakiwa bado uwanjani, akaingia katika chumba kidogo cha kukabidhi kadi. Kwa wasiojua mchezo huu, mchezaji haandiki hesabu yake mwenyewe, mwenzake ndiye anayemwandikia, kisha yeye anasoma, anahakiki na kutia saini, na akitia saini hesabu pungufu kuliko mikwaju aliyopiga, anaondolewa kabisa katika mashindano. Marehemu hakusoma, alitupia jicho jumla tu. Alitia saini akiwa amesimama, mguu mmoja umeshavuka mlango, akapanda basi na Mzee wa Mfuko, akiwa wa saba hadi wakati huo, na nafasi yake karibu iko mkononi.

Basi likiwa limetembea kama dakika kumi, Mzee wa Mfuko alianza hadithi yake, na siku ile, kwa furaha, marehemu alisikiliza. Walipofika shimo la kumi na moja, kaka huyo alisema, "Pale tukapiga tano, ule wa kwanza ulizama majini." Marehemu akamwambia, "Sema tena," kwa kuwa jumla aliyoitia saini isingetimia na tano, ilitaka nne. Akahesabu kwa vidole. Akaruka. Akaanza moja. Mara ya tatu alifika kumi na nane bila kuruka, akamwomba dereva asimame.

"Mdogo wangu," Mzee wa Mfuko alimshika mkono wa shati, "hakuna aliyeona."

"Tumeona wawili," akasema. "Huo tayari ni umati."

Wakateremka, na mtu ambaye hajawahi kurudia hata kofia aliyoisahau alirudi kwa miguu, kando ya barabara, kwa mwendo wa saa nzima, kaka yake akiwa na mfuko begani, na kwa mara ya kwanza wakatembea sambamba. Alibisha hodi katika chumba kile, akasema shimo la kumi na moja ni tano, jina lake likafutwa. Mke wake alipopigiwa simu aliuliza, "Kwa hiyo unakuja?" akajibiwa, "Nakuja," akalia, na mpaka leo anasema hajui alikuwa akilia upande upi.

Alikaa nyumbani, kadiri alivyoweza kukaa, akifundisha watoto katika kiwanja kile kile alichokata majani, na kila mwisho wa mazoezi aliwasomesha kadi zao kwa sauti, kidole kikipita kila shimo.

Januari 2024 alianza kusikia maumivu ya tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, akalazwa mara tatu, na hata wodini alitembea kati ya kitanda na dirisha akisukuma chuma cha dripu. Mzee wa Mfuko alifika kila asubuhi, akiusimulia mzunguko ule wa mwisho, na akifika shimo la kumi na moja alisema makusudi, "Nne," ili marehemu apaaze sauti, "Tano!" na wagonjwa wa vitanda vya jirani wacheke. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024, kaka alisema, "Nne," akasubiri. Akasubiri tena. Kisha akamshika mkono, akasema mwenyewe, taratibu, "Tano, mdogo wangu," akaendelea hadi la kumi na nane, na marehemu alifariki saa nne na robo, mke na watoto wakiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwachia atembee, majirani waliotupikia na kutufagilia uwanja bila kuombwa, wachezaji wenzake na wafanyakazi wa kiwanja, na zaidi Mzee wa Mfuko, ambaye leo hana cha kubeba.

Pumzika kwa amani, Kiguu na Njia, kadi yako imesomwa yote, haijaruka kitu, sasa kaa.