Mstari wa Kumi Kwenye Bango la Saratani

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi mbili zilizotazamana kwenye kona, mbele ya ukuta mrefu wa kiwanda chenye bomba la moshi. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya bure. Shangazi, muuza kahawa ambaye hajawahi kumsamehe mtu hata kikombe kimoja, jana yake alikuwa ametoka kliniki na habari njema: mwaka na nusu wa matibabu ya saratani ya titi umekwisha, na uvimbe haupo tena. Basi alikuwa akimimina huku akiimba, na watu wakinywa kama wanaomkomoa mtu. Aliyekunywa kwa wasiwasi alikuwa mmoja tu: Brashi, mchora mabango. Diwani alikuwa amempa kazi ya kuandika kwenye ukuta ule mambo kumi ya kujikinga na saratani, na mgeni rasmi angekuja kuzindua saa nane mchana. Brashi alishaandika tisa. La kumi lilikuwa limemwagikiwa chai kwenye karatasi ya diwani, halisomeki, na diwani alipopigiwa simu alijibu kwa haraka: “Jaza lolote la maana, mradi lisimuudhi mtu.”

— Haya, nisaidieni, alisema Brashi. Sigara nimeandika, pombe nimeandika, mboga, mazoezi, unene, chanjo, kupima mapema, yote yapo. Limebaki moja.

— Andika: usilale na simu kifuani, alisema Waziri. Huyu alikuwa karani mstaafu, na aliitwa Waziri kwa sababu hakuna wizara ambayo hajaiendesha akiwa ameketi pale.

— Una ushahidi? aliuliza Brashi.

— Mimi mwenyewe. Tangu niache, nalala fofofo.

— Unalala fofofo kwa sababu hakuna anayekupigia, alidakia Dobi, mfua nguo wa mtaa. Brashi, andika hasira. Hasira inachemsha damu, damu ikichemka inaganda, ikiganda ndiyo uvimbe huo.

— Inachemka halafu inaganda? alisema Waziri. Wewe unatueleza habari za uji!

Benchi zote mbili zikacheka. Waziri akainua kidole.

— Sasa nisikilizeni. Huu ugonjwa una wenyewe. Kila bango, mboga. Kila redio, mboga. Nani anafaidika? Wauza mboga!

— Mkeo si anauza mboga? aliuliza Brashi.

— Ndiyo maana najua!

Dobi alipaliwa na kahawa, ikabidi apigwe mgongoni. Brashi naye alicheka hadi machozi, akasahau kabisa saa nane. Alipojifuta akamwona Shangazi amesimama na birika lake mbele ya ukuta, anasoma mstari mmoja mmoja, midomo ikicheza.

— Brashi, mwanangu.

— Naam, Shangazi.

— Katika haya tisa, mimi nilikosea lipi?

Dobi akaweka kikombe chini.

— Nauliza tu, aliendelea, wala sauti yake haikuwa na ugomvi. Sigara sijawahi kushika. Pombe, hata harufu yake inanikera. Mboga nakula kama mbuzi. Mazoezi? Birika hili nalizungusha mtaa mzima tangu wengine humu hamjaota ndevu. Nilikosea wapi?

Brashi alihisi masikio yamepata moto. Siku tatu alikuwa ameyapamba maneno yale, herufi zimenyooka kama zimepigwa rula, na hata mara moja hakuwaza kwamba atayasoma mtu aliyeugua.

— Hukukosea popote, Shangazi.

— Mbona ukuta hausemi hivyo?

Dobi alikohoa kidogo.

— Mimi shuka nyeupe nikizianika upande huu nazifua mara mbili, alisema. Masizi matupu. Sisemi kitu, nasema masizi.

— Serikali ilishapima moshi huo, alisema Waziri.

— Lini?

— Ilisema itapima.

Kabla hajazomewa, alitokea mwanamke aliyebeba kichwa cha cherehani begani, jasho likimtiririka. Akakitua benchini, akapumua.

— Habari zenu, jamani. Mimi ni fundi wa nguo, nimehamia leo kwenye ile nyumba ya bluu.

— Karibu sana, mama, umepata majirani wenye elimu, alisema Waziri.

— Ahsante. Dirisha la chumba changu linatazama lile bomba la moshi, na nguo za watu nitazishonea hapo hapo. Nilitaka kujua kama nilifungue au nilifunge. Wanachoma nini pale?

Waziri akafungua mdomo. Akaufunga. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo likitokea.

— Matairi? alisema Dobi.

— Mimi nilidhani mafuta machafu, alisema Brashi.

— Ulidhani? aliuliza Shangazi.

— Nyote mmeishi hapa miaka mingapi? aliuliza yule fundi kwa mshangao.

Wengine ishirini, wengine thelathini. Shangazi alizaliwa mtaa wa pili. Brashi akainuka, akachovya brashi, akapanda ngazi. Aliandika kwa rangi nyekundu: ULIZA KINACHOCHOMWA KARIBU NAWE.

— Diwani atakumeza mzima, alisema Dobi.

— Alisema lisimuudhi mtu. Swali linamuudhi nani?

Shangazi alilisoma kwa sauti, mara mbili, kisha akacheka kicheko ambacho mtaa ulikuwa haujakisikia mwaka na nusu.

— Umeandika “uliza”. Sasa mbona tumekaa? Twendeni tukaulize!

Wakaenda wote, Shangazi mbele, Waziri akifunga vifungo vya koti kama anayekwenda bungeni, Dobi na fundi wakimfuata, na Brashi nyuma, mikono myekundu. Mlinzi akafungua kidirisha cha geti.

— Mnataka nani?

— Hatutaki mtu, alisema Shangazi. Tunauliza tu. Wanachoma nini humu?

Mlinzi alilitazama bomba. Akawatazama wao. Akajikuna kidevu.

— Mwaka wa kumi na moja huu nafungua na kufunga geti hili, alisema, na mke wangu kila nikirudi ananiuliza hivyo hivyo. Subirini nivae kofia, tuingie wote.