Mkoromo wa Eliakim Khisa

Wazee, wamama, majirani, hii historia sikuambiwa na mtu, niliiona na haya macho yangu mawili, maana mimi ndiye mdogo wake Eliakim Khisa, tumbo moja, kitanda kimoja, na kama kuna mtu alisikia mkoromo wake kunishinda, asimame. Jana hapa kwa matanga nimesikia mtu akinong'ona ati ni pombe imemmaliza. Leo mtajua.

Ndugu yetu alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 hapa Malava, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1964, akaniacha mimi darasa la nne, ambapo niko mpaka leo. Mwaka wa 1969 akaanza kuendesha trekta ya miwa, na Kabras yote hakukuwa na dereva kama yeye, trekta ilikuwa inamsalimia kabla hajapanda. Desemba 1971 akamuoa Khalayi, wakapata watoto watano, Eugene ndiye wa kwanza, wakalelewa kwa nyumba ambayo mabati yalikuwa yanashuka baba akivuta hewa na kupanda akiitoa.

Mwaka wa 1991 akaanza kusinzia mchana, kwa usukani, hata akila obusuma, ugali wetu, mkono ukiwa njiani kwenda mdomoni, na mtu fulani, sijui nani, akaenda kwa tajiri wa trekta akasema Khisa analewanga, akafutwa kazi, mtu hajawahi kuonja hata busaa ya arusi. Miaka mitatu tulimwombea aache pombe.

Khalayi peke yake ndiye alijua vile pumzi inamkatika akilala, na tarehe 9 Agosti 1994 akampeleka Kakamega, daktari akapata kivimbe cha mafuta nyuma ya ulimi, kikubwa kama yai la bata, kinafunga njia ya hewa kila akilala, akasema ameonanga kama hiyo mara moja tu tangu asomee udaktari. Mnaona? Hata ugonjwa wake haukuwa wa watu ovyo! Kikakatwa. Asubuhi ya kwanza nyumbani, Khalayi akasikia kimya, akapiga nduru, majirani wakaja mbio na ingokho, kuku wa matanga, Khisa akaamka akauliza, "Mama Eugene, nani amekufa?" Hiyo ingokho tuliila na yeye.

Lakini daktari alisema moyo umepigania hewa miaka mingi sana, tumechelewa, na tarehe 3 Mei 1998 ukasimama, naye Khalayi akakaa kando yake mpaka saa nne asubuhi ndio akapiga nduru, asichekwe tena.

Tunashukuru daktari, majirani na madereva wenzake. Yai nimeongeza, mabati nimeongeza, mnanijua. Lakini pale nimesema sijui nani alienda kwa tajiri, hapo nimedanganya. Huyo mtu alikuwa anatamani trekta, na akaipata. Ni mimi.

Lala salama, Eliakim, hakuna mtu atakuita mlevi tena.