Dhahabu Ngala, Aliyekataa Kuifuta Picha ya Mjomba Wake
(14 Machi 1987 – 9 Oktoba 2025)

Mchungaji, wazee wetu, jirani zetu wa Kisauni na wageni wote, poleni na safari na poleni na msiba. Mlioshika programu mtaona ukurasa wa tatu una wasifu wa mistari kumi na miwili. Unasema marehemu alikuwa mfanyabiashara, mke, mama, na mcheshi aliyependwa na wote. Ukunjeni, muuweke mfukoni. Huo uliandikwa na kamati ya mazishi. Huu wa karatasi ya manjano umeandikwa na mdogo wake, Mweri, ambaye ndiye anayewasomea, na umechapwa asubuhi ya leo dukani kwa marehemu, kwa mashine yake mwenyewe. Ni wa manjano kwa sababu karatasi nyeupe zilikuwa zimekwisha. Na si kweli kwamba alipendwa na wote.

Dhahabu alizaliwa hapa Frere Town siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ngala Mwidani, aliyefanya kazi bandarini, na Bi Persis, ambaye tunaye hapa. Kwa baba alikuwa Mgiriama. Kwa mama alitoka katika hizi familia za zamani za Frere Town, ambazo wazee wao waliletwa hapa baada ya kuokolewa utumwani. Mama anasema uchungu ulimshika Alhamisi na mtoto akaja Jumamosi, kwa wakati alioutaka yeye mtoto. Ukaidi huo hakufundishwa na mtu.

Shule ya msingi alisoma hapa hapa Kisauni kuanzia mwaka 1994 hadi 2001, kisha akaingia sekondari ya wasichana, 2002 hadi 2005. Alikuwa mwanafunzi wa wastani kwa kila kitu isipokuwa kusoma riwaya na kuchora. Kidato cha tatu mwalimu wa fasihi alimkamata na kitabu cha shule ambacho kila pambizo lilikuwa na sura za wahusika, kwa kalamu ya risasi: mfalme, kijakazi, mganga, mpaka mbuzi wa ukurasa wa sita. Akapewa raba, akaambiwa asitoke darasani mpaka kitabu kiwe safi. Alifuta siku mbili mfululizo, vidole vikamchubuka. Muhula uliofuata wasichana wa kidato cha pili wakaenda kulalamika kwa mwalimu yule yule kwamba wamepewa kitabu kilichofutwa, na wao walikuwa wameahidiwa chenye picha! Dhahabu alikicheka kisa hicho maisha yake yote, lakini akimaliza kucheka husema, "Nilifuta mara moja. Sitafuta tena."

Mwaka 2007 aliajiriwa katika duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko la Kongowea, na mwaka 2012 akafungua lake Bakarani. Nusu ya kazi ya duka lile ilikuwa programu za mazishi. Wengi wenu mmemleta mtu wenu pale, na mnajua alivyokuwa msumbufu. Mtu akija na karatasi imeandikwa "marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu," Dhahabu alikuwa haanzi kuchapa. Humuuliza, "Alicheka nini? Watu gani hao aliowapenda?" Wako waliokasirika wakaenda duka la pili. Wako waliokaa kwenye kile kigoda chake wakaeleza, wakalia, wakaondoka na wasifu wa mtu wao hasa, si wa jirani. Sasa jamani, mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na minane ndiye wa kuandikiwa mistari kumi na miwili, na "mcheshi" ndani yake? Thubutu!

Jambo ambalo kamati ililikata ni hili. Mwaka 2013 Dhahabu alifungua ukurasa mtandaoni, akauita Nimesoma, Nimechora. Akimaliza kitabu, huchora wahusika wake, kisha huweka picha pale wenzake waione. Mwenzake mkubwa alikuwa Ummi Faki, mwalimu wa Likoni, ambaye yeye husoma aya kwa sauti yake nzuri na kuirekodi iende pamoja na picha. Hawakuuza kitu. Walikuwa wakifurahishana tu kwa vitabu, na watu wakawafuata: walinzi, wauguzi, wapishi wa hotelini, wanafunzi, mpaka ukurasa ukawa na watu elfu thelathini na sita. Nyuso alizowapa wahusika alizitoa hapa hapa mtaani. Mama muuza mahamri wa Mlaleo amewahi kuwa malkia, na hajui mpaka leo.

Ukurasa huo ulikuwa na sheria moja. Chini ya kila picha Dhahabu aliandika namba ya ukurasa wa kitabu, basi, bila maelezo. Anayetaka kubisha abishe, lakini na yeye alete namba. "Usinipe hasira, nipe ukurasa," ndivyo alivyowajibu watu. Na aliyeleta ukurasa wa haki alisikizwa.

Ndivyo alivyompata mume. Mwaka 2014 karani mmoja wa yadi ya makontena kule Changamwe alimwandikia hivi: "Dada, ukurasa wa 88 unasema mganga ana kovu shavu la kushoto. Wewe umemtia la kulia." Dhahabu akakifungua kitabu, akakuta ni kweli, akaichora picha upya siku ile ile na kumshukuru mbele ya wote. Karani huyo ni Jacktone. Walibishana kwa namba za kurasa mwaka mzima, halafu wakafunga ndoa kanisani hapa Frere Town tarehe 12 Desemba 2015. Mwaka 2017 Mungu akawapa binti, Sidi.

Sasa tufike kwenye picha, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Agosti 2022 Dhahabu alimaliza riwaya inayosimulia pwani yetu zamani za utumwa, akachora mzee amesimama mbele ya umati, ameinua mnyororo kwa mikono miwili. Uso ulikuwa wa mjomba wetu, Mzee Morgan. Mikono pia. Mtu ambaye mpaka leo hajajitokeza aliichukua picha hiyo peke yake, bila namba, akaitupa kwenye kundi la simu la Frere Town na maneno haya: "Morgan amechorwa muuza watu." Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeiona, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma kitabu.

Wageni huenda msielewe. Hapa kwetu tusi hilo halina mwenzake. Kuna watu hapa ambao nyanya zao waliyaona makovu ya pingu kwenye miguu ya wazazi wao. Mjomba alikuja dukani Bakarani kabla ya adhuhuri kesho yake, wateja wamejaa.

"Dhahabu, babu wa baba yangu aliletwa hapa akichechemea kwa ajili ya pingu. Leo wewe unanitia mnyororo mkononi?"

"Shikamoo, mjomba," akasema Dhahabu. "Umekisoma kitabu?"

"Sisomi upuzi! Futa!"

"Kisome kwanza, mjomba, halafu uje tuzungumze."

"Nimesema futa!"

"Sifuti."

Mjomba akatoka, na tangu siku ile hawakusemezana. Dhahabu alimpelekea kitabu kwa mkono wa Sidi, kikarudi kimefungwa katika gazeti lile lile alilokifungia. Mdogo wake alimsihi, mama alimsihi. Maneno matatu tu yangetosha kueleza ile picha ni ya nani. Akasema ng'o. "Miaka tisa sijamweleza mtu picha. Wote nimewaambia wasome. Mjomba ni mkubwa kuliko kitabu?" Tusimfanye malaika leo kwa kuwa amelala kwenye sanduku. Alikuwa na kiburi, na kiburi hicho kilimuumiza yeye kuliko mtu yeyote, maana huyu ndiye mjomba aliyembeba mabegani akiwa mdogo. Wazee walisema hasira hasara, na hasara hii tumeila wote.

Februari 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari wakakuta figo zote mbili zimechoka. Kwa mwaka mmoja na nusu alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, kila kipindi kikichukua saa nne, mkono wa kushoto kwenye mashine, wa kulia kwenye daftari. Picha arobaini na moja alizichora kwenye kiti kile. Wauguzi wakaanza kugombea nani atakuwa nani katika kitabu kijacho. Mwikali, muuguzi kutoka Port Reitz, alimwambia, "Madam, kama mimi ni mchawi tena, hiyo sindano utajidunga mwenyewe." Mjomba alifika hospitali mara mbili. Mara zote mbili aliishia kwenye benchi la nje, akampa Bi Persis madafu amwingizie, akaondoka. Dhahabu aliyanywa madafu, akauliza nani kaleta, akaambiwa, akarudi kwenye daftari lake. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa nane mchana, Jacktone akiwa amemshika mkono.

Kamati ikaketi nyumbani kwa mama, Mjomba Morgan akiwa mwenyekiti, na ikaamua mambo mawili. La kwanza, habari za michoro zisisomwe. La pili, simu ya marehemu itolewe, ukurasa ufungwe kabla ya kaburi kufukiwa, ili asizikwe na aibu. Jacktone akasimama, akaitoa simu mfukoni, akampa Mweri mbele yao wote, akaketi. Ummi Faki alikuwa mlangoni na buibui lake, amekuja kutoka Likoni kutoa rambirambi. Akasema, "Wallahi, wazee wangu, mimi si wa kusema katika nyumba hii. Lakini aibu ni kumzika mtu nusu." Akaombwa atoke. Simu ipo hapa, mkononi mwa anayewasomea, na haitolewi.

Dhahabu hakueleza, lakini leo mdogo wake anaeleza. Hasira zimeletwa za kutosha, sasa tunaleta ukurasa. Ukurasa wa 214 unasema hivi:

"Mzee mhunzi akaupiga mnyororo nyundo ya mwisho, ukakatika. Akauinua juu, watu waliokuwa wakilia wauone. 'Msiuogope tena,' akawaambia. 'Huu sasa ni chuma tu.'"

Huyo ndiye mzee wa kwenye picha. Katika kitabu chote hakuna mtu mwema kumshinda. Mwenye kuitazama picha kwa utulivu ataona pete moja ya mnyororo imekatwa. Kila mtu aliiona sura ya mjomba na mnyororo, na hapo hapo akajua yaliyobaki. Kuuliza si ujinga, lakini miaka mitatu hatukuuliza. Mweri naye hakukisoma kitabu hiki mpaka Jumanne iliyopita, na aibu hiyo ni yake, anaibeba.

Dhahabu ameacha mumewe Jacktone, binti yao Sidi wa miaka minane, mama yake Bi Persis, na mdogo wake Mweri. Kamati iliishia hapo. Ameacha pia Ummi Faki, dada yake wa vitabu. Ameacha Mwikali na wauguzi wenzake. Ameacha wasomaji elfu thelathini na sita, na wale waliosimama kule ukutani kwa kuwa hawakupangiwa viti ni wao. Wengine wametoka Voi, wengine Lamu, na hawakuwahi kumwona kwa macho. Njooni mbele. Mkeka wa wafiwa ni wenu pia, na anayeona vibaya na asogee awapishe.

Na ameacha mjomba, Mzee Morgan, fundi wa kuchomea vyuma, ambaye jina lake kwenye programu liko kwa mwenyekiti na haliko kwa wafiwa. Huyu ni mfiwa. Dhahabu alipotafuta mikono ya kumpa mtu aliyewakatia wenzake minyororo, katika Kisauni nzima hakuona mingine. Mjomba, hakukutukana. Alikuwa akikusifu mbele ya watu, na hakuna mmoja wetu aliyekuja kukwambia.

Ukurasa wa Dhahabu unabaki, na picha inabaki. Mungu amlaze mahali pa raha, na atusamehe sisi tuliokaa miaka mitatu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kuzungumza.