Vibao Vyeusi vya Delbert

Katika basi la mji wa Fresno, California, kijana aliyejitambulisha kwa jirani yake kitini, bibi mmoja mwenye miwani, kuwa ni Delbert alifunua taulo na kumwonyesha vibao viwili vya namba za gari, vyeusi, vyenye maandishi ya manjano. Alikuwa akivipeleka kusajiliwa kwa ajili ya pikapu ya marehemu baba yake, ya mwaka 1965, ili iingie kwenye gwaride la magari ya zamani la Jumamosi ikiwa na vibao vya zama zake.

"Vizuri hasa, mwanangu," alisema bibi yule, akiviinamia nusura avibusu. "Ila hivi ni vya gari dogo. Pikapu zilikuwa na vyake, vyenye herufi moja tu mwanzoni. Watakukatalia palepale dirishani."

"Bibi, miaka ndiyo hiyo, rangi ndiyo hiyo. Wakatae nini tena?"

"Watakataa. Wakishakataa, niuzie mimi. Plimathi, lile gari dogo la marehemu mume wangu, imekosa hivihivi tu."

Delbert akavifunika upesi. "Ahaa! Kumbe!"

Bibi akacheka hadi miwani ikamshuka. "Kuvitaka navitaka, sikatai. Lakini nimekwambia kweli."

Kwa kadiri niijuavyo sheria, bibi alikuwa sahihi. Tamaa yake ndiyo iliyomharibia ushahidi.

Basi likasimama mbele ya ofisi ya usajili. Delbert akashuka, taulo kifuani. Bibi, ambaye alikuwa amemwambia dereva kwamba anashukia sokoni, akashuka nyuma yake na kuketi kwenye benchi la mlangoni.

"Ingia tu, mwanangu," alisema. "Mimi nipo hapa."